Pikapu ya samaki: mwezi mmoja chini ya chasisi

Jumamosi, 3 Mei

Kanyagio la breki limezama leo. Nilikuwa natoka Ngomeni na makreti sita, changu na tewa wengi, nguru wawili, barafu juu. Nimeshapita Mambrui, nakaribia daraja la Sabaki, punda akaingia barabarani kama aliyetumwa. Nikakanyaga. Mguu ukashika kidogo, ukaachia, ukashuka hadi karibu na sakafu. Pikapu ilisimama, ila ilisimama kwa nafasi yake, na punda alikuwa ameshafika ng'ambo ananitazama.

Kilichoniokoa ni mpangilio wa kiwandani. Hii ni Toyota Hilux ya 1986, injini ya petroli, kabureta. Masta silinda yake ina vyumba viwili: kimoja kinasukuma mafuta ya breki kwenda magurudumu ya mbele, cha pili magurudumu ya nyuma. Nyuma kukipasuka, mbele kunabaki. Kunabaki, lakini mguu unakwenda chini mno, na ukiwa na mzigo breki ya mbele peke yake ni ya kuombea dua.

Nimeingia Malindi kwa gia ya pili, mkono mmoja kwenye breki ya mkono. Sikupaswa kuiendesha, najua. Samaki hawangoji.

Jioni nimelala chini na tochi. Mafuta ya breki yanadondoka kutoka kwenye paipu inayofuata ubavu wa ndani wa chasisi, na kando yake paipu ya petroli nayo ina majimaji. Harufu ya petroli nimekuwa nikiisikia tangu kabla ya Ramadhani, nikijiambia ni kifuniko cha tangi.

Ami amepita baada ya magharibi. Pikapu ilikuwa yake kabla haijawa yangu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Imekutupa?"

Akainama, akanusa, akaniambia nisithubutu kuwasha sigara karibu nayo. Sivuti sigara na yeye anajua. Alikuwa anasema tu.

Kusi imeshaanza kuchafua bahari, mashua nyingi zimepandishwa, na kazi ya samaki sasa ni ya kubahatisha. Kama kuna mwezi wa kuiinua gari hii ni huu. Nia yangu iwe barabarani kabla ya Idi.

Jumapili, 4 Mei

Nimeiinua nyuma kwa jeki, nikaipumzisha juu ya stendi mbili za chuma nilizoazima. Ami alipendekeza matofali ya matumbawe, kwamba zamani walikuwa wanafanya hivyo. Nimemjibu kwa adabu kwamba zamani watu walikuwa na vifua vipana.

Brashi ya waya, ndoo ya maji ya sabuni, tochi, bisibisi butu. Paipu ya breki ya gari hii ina unene wa milimita 4.75 kwa nje, na ukuta wake haufiki milimita moja. Ikiwa mpya hiyo inatosha kabisa. Ikishaliwa na kutu kwa miaka karibu arubaini, hesabu inabaki pungufu.

Jambo la kwanza nililojifunza leo: kutu unayoiona si ile ya kuogopa. Mahali pa wazi paipu ilikuwa na ngozi ya kahawia, ukiipangusa unakuta chuma bado kizima. Nilipofungua vibanio vinavyoishikilia kwenye chasisi, chini ya kila kibanio palikuwa na tope lililoshindiliwa, jeusi, lenye unyevu hata baada ya siku nzima ya jua. Pale ndipo paipu ilipokwisha. Kwenye kibanio cha tatu kutoka nyuma niliigusa paipu kwa bisibisi, ikaingia ndani. Palepale palipokuwa panavuja.

Jambo la pili limenichukua saa nzima kulielewa. Kwa nini kutu iko upande mmoja zaidi, na kwa nini imekaa vipandevipande, hapa imekula, hapa haijagusa? Nikapanda juu ya bodi, nikamimina kikombe cha maji pale ninapoweka makreti, nikashuka haraka kuangalia. Maji yalipita kwenye matundu ya sakafu ya bodi, yakatambaa juu ya chasisi, yakadondokea paipu. Tone, tone, kwenye vibanio vilevile.

Kwa hiyo si hewa ya bahari, ambayo kila mtu Malindi huitupia lawama hata kwa sufuria. Wala si vumbi la barabara ya Ngomeni kupitia mashamba ya chumvi, ingawa nalo limechangia. Ni barafu yangu mwenyewe. Wavuvi huosha samaki kwa maji ya bahari, barafu huyeyuka juu yao, na safari nzima chumvi inadondoka mahali pamoja. Miaka sita nimekuwa nikizinywesha paipu hizi maji ya chumvi kwa mkono wangu.

Halafu gurudumu la nyuma la kushoto. Nimetoa tairi, nimefuata paipu fupi inayokwenda kwenye silinda ya gurudumu, ile ndogo inayosukuma brekishuu, nikaikuta paipu imekatwa, imekunjwa mara mbili na kupondwa kwa nyundo mpaka ikafungika. Kuna fundi, sijui ni nani wala wa mwaka gani, aliyekuta silinda inavuja, akaona dawa ni kulinyima gurudumu mafuta. Nimekuwa nikiendesha na magurudumu matatu yenye breki. Nilipomwonyesha ami, akatazama kwingine. Sikumuuliza zaidi.

Jumatano, 7 Mei

Siku ya madukani, na siku ya kubishana.

Duka la kwanza: paipu ya shaba, ile ya mafundi wa friji. "Wote wanachukua hii," kijana akaniambia, na kweli kwenye gereji moja ya Maweni nimeona gari mbili zimefungwa hiyo. Inapinda kwa vidole na haipati kutu nyekundu, kwa hiyo inapendwa. Lakini shaba tupu ikitikiswa siku nyingi hukakamaa, ikikakamaa hupata ufa, na nguvu yake tangu mwanzo si ya kazi hii. Tairi lina hewa ya baa mbili na kitu, baa ikiwa kipimo cha shinikizo. Ukikanyaga breki kwa nguvu, ndani ya paipu zinapita baa 70. Paipu ya friji iachwe kwenye friji.

Duka la pili walikuwa na vipande vya kuungia, vile vyenye pete ya shaba ndani ambayo inabanwa na nati. Wanasema kata palipooza, tia kipande kipya, funga. Kwa bomba la maji sina neno. Kwenye breki sitaki kiungo kinachoshika kwa kubana tu, tena mahali ambapo nimeona kwa macho yangu kwamba pakikatwa hapa, kesho panatoboka pale. Paipu zote zinatoka, mbele hadi nyuma.

Ninachokitaka ni paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, nikeli yapata asilimia 10. Kampuni ya Volvo ilianza kuitumia kwenye breki za magari yake miaka ya 1970, na mchanganyiko huohuo ndio hutengenezewa mabomba ya maji ya bahari melini. Hilo la meli ndilo lililomaliza ubishi nyumbani, maana bi mkubwa alikuwa anauliza kwa nini nisinunue ya bei nafuu. Gari inayobeba maji ya bahari ipewe paipu ya maji ya bahari.

Malindi sikuipata. Nimepiga simu Mombasa, wanayo, roli ya mita 7.6. Nimeagiza mbili, pamoja na nati za nyuzi za milimita 10 kwa hatua ya milimita 1, ambazo ndizo za Toyota hii, na silinda mbili za magurudumu ya nyuma. Vitakuja na matatu Ijumaa. Mpira wa petroli nimenunua hapahapa, baada ya kusoma maandishi ubavuni mwake mara mbili. Mpira wa maji na wa petroli hulala rafu moja na rangi ni ileile. Wa maji ukiingia petroli huvimba na kulainika kama mkate kwenye chai.

Jumamosi, 10 Mei

Kazi ya kutoa.

Petroli kwanza. Waya wa betri nimeufungua kabla ya kitu chochote, gari iko nje chini ya mwembe, upepo unapita, majirani wameombwa wasisogeze majiko ya mkaa. Lita 14 zimetoka tangini kwenda kwenye jerikeni, na jerikeni zikapelekwa mbali. Tangi tupu si tangi salama; mvuke unaobaki ndani ndio unaolipuka. Kwa hiyo leo hakuna mashine ya kusaga chuma, hakuna moto wa gesi wa kulegezea nati. Msumeno wa mkono, mafuta ya kulegeza kutu, na subira.

Mpwa wangu, anayesoma ufundi chuoni, alikuja kunisaidia na picha za simu. Amepiga kila kona ya kila paipu kabla hatujaigusa. Nilimcheka. Saa mbili baadaye mimi ndiye niliyekuwa nikimwomba simu.

Nati za paipu ni laini na spana ya kawaida yenye mdomo wazi huzichubua pembe. Kuna spana yake maalumu, duara lenye mwanya wa kupitishia paipu. Nilikuwa nayo, na bado nati nne kati ya kumi ziligoma. Suluhisho ni rahisi ukishakubali kwamba paipu haina kesho: ikate karibu kabisa na nati, kisha vika soketi ya pembe sita. Soketi inashika pande zote, nati inalia, inatoka. Tatu zilitoka hivyo. Ya nne, kwenye silinda ya kulia, ilikatikia ndani. Namshukuru Mungu silinda mpya ziko njiani.

Paipu za zamani sijazitupa. Nimezilaza kwenye jamvi barazani, kila moja na utepe ulioandikwa inatoka wapi kwenda wapi. Ndizo ramani yangu. Bi mkubwa ameuliza kama jamvi litarudi lilivyokuwa. Nimesema litarudi.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua siku tatu. Nimefanya kazi barazani, kazi ya midomo.

Mdomo wa paipu ndio kila kitu. Nati haizibi chochote. Nati inausukuma tu mdomo wa paipu kwenye kiti chake, na mdomo ndio unaoziba. Magari ya Kijapani kama hili hutaka mdomo uliokunjwa mara mbili: ukingo unakunjwa kwanza kuingia ndani, kisha unafunguliwa kwa koni mpaka unakuwa na tabaka mbili, kama pindo la kanzu. Magari mengi ya Ulaya yana mdomo wa namna nyingine, wenye umbo la uyoga, na ukichanganya haviketi pamoja hata ukaze vipi. Pindo moja tu, ambalo ni rahisi, hupasuka.

Kifaa nilichoazima ni vipande viwili vya chuma vyenye matundu, vinaibana paipu katikati, na juu yake parafujo yenye koni. Kuna na kibonye cha kukunjia. Maelezo yanachukua dakika. Kufanya kumenichukua mchana mzima, na huu hapa mwenendo wa aibu:

Mdomo wa kwanza ulikaa upande, kwa sababu nilikata paipu kwa msumeno na haikuwa mraba. Baada ya hapo nimetumia kikatio cha gurudumu. Wa pili ulikuwa na ufa mdogo. Sikuwa nimetoa makombo ya ndani wala kulainisha ukingo kwa tupa. Wa tatu paipu iliteleza kurudi nyuma kwenye kibano, maana niliogopa kukaza. Wa nne ulitoka mzuri ajabu, umeviringa, unang'aa, nikamwita mpwa kwa simu ya video aushuhudie.

"Mjomba," akasema, "nati iko wapi?"

Nati ilikuwa mezani. Inavikwa kabla ya kutengeneza mdomo, kwa sababu baadaye haipiti. Nimekata, nimeanza upya.

Kuanzia wa sita mkono ulizoea. Tone la mafuta ya breki kwenye koni linasaidia, na urefu wa paipu unaochomoza juu ya kibano lazima ulingane na kimo cha bega la kibonye, si kwa kukisia. Kumi na mbili nzuri kufikia magharibi.

Jumamosi, 17 Mei

Kupinda. Kazi tamu kuliko zote. Mchanganyiko huu unapinda kwa mkono, lakini ukiulazimisha kona kali unajikunja kama mrija. Nimetumia chupa ya soda kwa kona pana na soketi kubwa kwa kona ndogo. Paipu ya zamani chini, mpya juu yake, unaifuata kama mtoto anayefuatisha herufi.

Paipu ndefu ya kwenda nyuma ilikuwa na kona kumi na moja. Tulipofika ya tisa tukagundua ya tano imegeuka upande wa pili. Tumeiacha. Inapita penye nafasi, haigusi kitu, na ni mimi na mpwa tu tutakaojua.

Nimebadili jambo moja la kiwandani. Vibanio vya zamani vilikuwa chuma kitupu kwa paipu. Nimekata vipande vya tyubu ya baiskeli nikavivika paipu, ili isisuguane na kibanio, na kila kibanio nimekigeuza mdomo wake uangalie chini ili tope lisikalie. Ami anasema tyubu nayo itashika maji ndani yake. Huenda. Nimepaka grisi ndani ya kila kipande na nimejiandikia kuvifungua baada ya mwaka.

Jumamosi, 24 Mei

Petroli. Hapa kuna habari ambayo ingeniokolea pesa nyingi ningeijua mwaka jana.

Tangu kaskazi iliyopita gari imekuwa ngumu kuwaka asubuhi. Unazungusha, unazungusha, inakohoa, inawaka. Kwenye mpando wenye mzigo inakosa nguvu kama mtu mwenye pumu. Nimebadilisha plagi, nimebadilisha pointi, nimefungulia kabureta mara mbili kwa fundi. Hakuna kilichosaidia.

Pampu ya petroli ya injini hii iko kwenye injini yenyewe, inasukumwa na kemu, mhimili unaozunguka ndani ya injini. Maana yake paipu ndefu kutoka tangini haina shinikizo la kusukuma. Ina mvuto wa kunyonya. Kitundu kidogo kwenye paipu ya kunyonya hakitoi petroli injini ikizunguka. Kinaingiza hewa. Gari ikisimama, petroli inarudi tangini taratibu na paipu inabaki na hewa, ndiyo ile tabu ya asubuhi. Tangi likiwa limejaa ndipo linalowesha kidogo, na ndiyo ile harufu ya tangu Ramadhani. Ugonjwa mmoja, nami nilikuwa nikiutibu kama magonjwa matatu.

Nimeipata nilipoipuliza paipu ya zamani ndani ya ndoo ya maji: vitundu vitano, kimoja tu kinaonekana kwa macho. Fundi wa kabureta nimemsamehe kimoyomoyo. Pesa sitamdai.

Paipu mpya ya kwenda ni milimita 8, ya kurudi milimita 6. Nimetumia ya chuma iliyopakwa, kwa kuwa ya nikeli ya unene huo ingenimaliza mfuko. Kwenye ncha zinazoingia mpira nimetengeneza mgongo mdogo kwa kifaa kilekile, nusu ya kazi ya mdomo, ili mpira usichomoke. Mpira vipande vifupi vitatu tu, tangini, kwenye chujio na kwenye pampu, kila kimoja na klipu mbili za kukaza. Nimeona gari ambazo paipu yote imetolewa ikawekwa mpira kutoka nyuma hadi mbele, umefungwa kwa kamba karibu na ekzosi. Mpira juu ya chuma cha moto, chini ya kiti cha dereva.

Ndani ya tangi kulikuwa na kutu ya unga, si nyingi. Nimelisuuza kwa petroli mara mbili, nimeweka chujio kipya cha kuonekana ndani, na nimenunua kingine cha akiba maana hiki kitaziba mapema.

Imewaka mara ya pili kuzungusha. Mara ya pili! Bi mkubwa ametoka jikoni kuangalia kama ni gari ya jirani.

Jumapili, 25 Mei

Kutoa hewa kwenye breki. Kopo jipya la mafuta ya breki, lililofungwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Malindi mwezi wa Mei unaweza kuikamua. Ya daraja la DOT 3, yakiwa makavu, huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa. Kopo lililokaa wazi rafuni tangu mwaka jana nimelimwaga, si kwenye mtaro bali kwenye dumu la mafuta machafu la gereji.

Tumeanza gurudumu lililo mbali kuliko yote na masta silinda: nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mpwa kwenye kanyagio, mimi chini na mpira mwembamba uliozama kwenye chupa yenye mafuta. Kanyaga. Shikilia. Nafungua, mapovu, nafunga. Achia. Kanyaga. Mtaa mzima umejifunza. Watoto wawili wa jirani sasa wanacheza mchezo huo, mmoja gari, mmoja fundi.

Duru mbili, na mguu bado laini kama embe bivu. Nikakaza kila nati. Bado. Nikaanza kuishuku masta silinda, na nikaanza kuhesabu pesa. Ami, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akisoma gazeti, akauliza bila kuinua macho: "Na ile ya mkono umeitoa?"

Ile ya mkono. Kuna vali nyuma, imefungwa kwenye chasisi, ina mkono mrefu wenye springi unaoshikana na ekseli. Bodi ikilaliwa na mzigo, mkono unasogea na vali inayapa magurudumu ya nyuma nguvu zaidi. Gari ikiwa tupu inapunguza, yasije yakajifunga na mkia ukakupita. Vali hiyo ina skrubu yake ya kutolea hewa. Nilikuwa nimeipita mara mbili kwa sababu imefunikwa na tope nikaiona ni bolti tu. Tukaifungua: mapovu ya dakika nzima.

Duru ya tatu, mguu umesimama juu.

Umesimama, lakini si mahali pake. Brekishuu za nyuma kushoto hazijafanya kazi miaka sijui mingapi na zilikuwa mbali na ngoma. Nimerekebisha pande zote mbili mpaka ngoma ikasugua kidogo tu kwa kuzungushwa na mkono. Sasa ndiyo.

Tone moja la mafuta ya breki lilidondokea fenda. Niliporudi na kitambaa rangi ilikuwa imeshavimba. Fenda ya kushoto, naitaja hapa ili nisije nikamsingizia mtoto.

Alhamisi, 29 Mei

Jaribio. Injini inazunguka, nimekanyaga kwa nguvu zangu zote hesabu ya sitini, mpwa anapita chini na karatasi ya shashi akigusisha kila kiungo. Viungo kumi na viwili vikavu. Cha kumi na tatu, kwenye vali ya mkono, karatasi imelowa ukingoni. Nimekaza robo mzunguko, imelowa tena. Hapo kuna kishawishi cha kukaza zaidi mpaka inyamaze. Nimefungua: mdomo una mkwaruzo, ule wa tano au wa sita bila shaka, wa siku ya mvua. Nimekata, nimetengeneza mwingine (nati kwanza), nimefunga, nimetoa hewa tena nyuma yote. Kavu.

Kisha uwanja wa wazi, mwendo wa mtu anayetembea. Kisha mwendo wa baiskeli. Kisha barabara ya Casuarina asubuhi mapema kabla ya tuktuk kuamka, kilomita 40 kwa saa, kanyaga. Imesimama imenyooka. Sikuwa nimejua kwamba siku zote ilikuwa ikivutwa kulia. Mikono yangu ilikuwa imeshazoea kuirudisha, na leo ikairudisha bila kuombwa, nikajikuta naelekea kushoto.

Tumerudia na magunia sita ya mchanga nyuma. Nzuri.

Jumapili, 1 Juni

Paipu mpya chini ya dondoo lilelile la maji ya chumvi ingekuwa kichekesho. Leo ni kazi ya bodi. Matundu ya sakafu yaliyo juu ya chasisi nimeyaziba kwa bati na silikoni. Nimemtengenezesha fundi wa mabati sinia refu la kukaa chini ya makreti, limeinamia nyuma, lina shingo, na kwenye shingo mpira unaoshuka hadi nyuma ya bampa. Maji ya barafu yataangukia barabarani, yasiguse chuma.

Kuosha chini ya gari kila jioni, ndiyo, lakini kwa maji gani? Kisima chetu, kama visima vingi vya mjini, kina chumvi. Ukioshea gari unaiongezea. Maji ya bomba yanatoka Baricho na yanakuja siku yanayotaka. Nimeweka pipa chini ya mlizamu wa paa kukinga mvua, na hilo ni la pikapu. Bi mkubwa ameshachota ndoo mbili za kufulia. Tunazungumza.

Bado: mipira mitatu ya breki, miwili ya mbele na ule wa ekseli ya nyuma, ina nyufa za nje. Haivuji, nimeagiza hata hivyo. Kibanio kimoja karibu na giaboksi sikukipatia bolti sahihi, kimekaa kwa waya kwa sasa. Jamvi lina alama ya kutu isiyotoka.

Jana usiku nilitandika boksi la katoni chini ya gari, kutoka masta silinda hadi tangi. Alfajiri nimelivuta nje. Halina doa, isipokuwa nyayo za paka.

Kesho Ngomeni, saa kumi alfajiri. Barafu nimeshaagiza.